Drams za Kwanza: Anunue Nini?

Mtoto wa kike ana miaka 13 na anataka drams. Nyumba ni ya kupanga, vyumba viwili Tabata, Dar es Salaam, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa sebule ya jirani. Fedha iliyopo ni shilingi 1,500,000. Mama yake amezikusanya kwenye kikoba kwa muda mrefu, na zikishatumika hazitarudi upesi. Anunue nini?

Waliojibu ni wanne, na hawakukubaliana. Yupo Mzee aliyepiga drams kwenye bendi za dansi tangu ujana wake. Yupo Fundi anayenunua vyombo vilivyotumika, akavikarabati na kuviuza. Yupo Mwalimu anayefundisha watoto, na Kijana anayepiga kanisani Jumapili na studio siku nyingine. Mama mwenyewe amekaa nao, kwa kuwa fedha ni yake. Nami nina msimamo: fedha ya kwanza iende kwenye vitu vinavyogusana na mwili wa mpigaji na vile ambavyo sikio lake litavisikia kila siku. Vingine vyote vinaweza kusubiri.

MAMA: Nimepita madukani Kariakoo. Kila ninapoingia naonyeshwa seti ya ngoma tano, nyekundu, inang'aa. Nikiuliza tofauti ya hii na ile, naambiwa hii ina vipande vingi zaidi. Je, vipande vingi ndiyo uzuri wenyewe?

FUNDI: Mama, anza kwa kuuliza ni vipande gani. Seti ya kawaida ya ngoma tano ina kiki ya inchi 22, hiyo kubwa inayopigwa kwa mguu. Ina tomu mbili za juu, mara nyingi za inchi 12 na 13, tomu ya chini ya inchi 16, na snea ya inchi 14. Hapo hujapata hata toazi moja. Seti nyingine zinauzwa mizinga mitupu: hakuna stendi, hakuna pedali, hakuna stuli. Mtu analipa, anakodi Kirikuu hadi nyumbani, anapanga vyote sebuleni, ndipo anagundua hawezi kupiga hata wimbo mmoja. Kabla hujataja bei, mwambie muuzaji akupangie seti nzima sakafuni na mtoto akae apige. Kitakachokosekana utakiona.

MZEE: Na hata ikiwa nzima, mimi ningeondoa tomu zote. Kiki, snea na haihati, yale matoazi mawili ya mguuni, basi. Kwa vitatu hivyo nimechezesha watu rumba hadi alfajiri. Tomu ni za kupitia tu, unapotoka kwenye ubeti kuingia kwenye sebene. Mtoto akipewa tomu tatu atakuwa anazunguka zunguka kutwa nzima, na mapigo ya msingi hayatulii.

KIJANA: Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kidogo.

MZEE: Marahaba mwanangu. Pinga.

KIJANA: Nyimbo za sifa tunazopiga siku hizi zinataka tomu. Mtoto anatazama video za wapigaji wakubwa usiku kucha, anaona wamezungukwa na ngoma. Ukimwekea ngoma mbili na matoazi mawili ya mguuni atajiona amepewa nusu ya zawadi. Atakata tamaa.

MWALIMU: Wanafunzi ninaowaona wakikata tamaa wanakatishwa na mambo mengine kabisa. La kwanza ni mwili. Mtoto wa miaka 13 akikalishwa nyuma ya kiki ya inchi 22 yenye tomu mbili juu yake, tomu zinafika kifuani. Ananyanyua mabega ili azifikie, fimbo zinagonga pembeni badala ya katikati ya ngozi, na baada ya nusu saa shingo inauma. Hajui kwa nini inauma, anadhani drams ni ngumu. Kiki ya inchi 20, au hata 18, inashusha kila kitu. Tomu moja ya juu na moja ya chini zinamtosha kujifunza kuzunguka. Kwa hiyo mimi nasema ngoma nne, ndogo.

Hapo nasimama na Mwalimu, nami ninaongeza kitu ambacho wauzaji hukitaja mwishoni, kama wanakitaja: stuli. Mpiga drams anatumia miguu yote miwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hana mguu wa kujishikilia. Kinachombeba ni makalio na mgongo. Kiti cha plastiki cha sebuleni hakipandi wala hakishuki, na kikiwa chini mno magoti yanapita usawa wa nyonga na mguu wa kiki unapoteza nguvu. Stuli inayorekebishwa, yenye miguu mipana isiyoyumba, si anasa. Ingekuwa amri yangu, ingenunuliwa kabla ya ngoma.

Pedali ni vivyo hivyo. Tangu William F. Ludwig na ndugu yake waanze kuuza pedali yao Chicago mwaka 1909, imekuwa rahisi mtu mmoja kufanya kwa mguu kazi ambayo mara nyingi ilihitaji mpigaji wa pili. Seti nzima imejengwa juu ya wazo hilo. Pedali mbovu, yenye springi iliyolegea na nyundo inayochelewa kurudi, inamfundisha mtoto kuchelewa. Na ubaya wake ni kwamba hatajua kuwa pedali ndiyo inayochelewa. Atajilaumu mwenyewe.

MAMA: Sawa, nimeelewa udogo. Sasa mpya au iliyotumika? Nikitoa fedha zote hizi kununua kitu kilichochoka, ndugu zangu watanicheka.

KIJANA: Mpya, mama. Ina risiti, na kila boliti inakaza. Nimepiga seti za mitumba kanisani ambazo ukimaliza ibada tomu imeshalala pembeni.

FUNDI: Hiyo iliyolala ilikuwa imekazwa kwa koleo na watu kumi tofauti. Mzinga wa mbao hauchoki upesi. Seti ya miaka ishirini ya kampuni inayojulikana, Yamaha, Pearl, Tama, naweza kuirudisha ikalia vizuri kuliko seti mpya ya bei ya chini kabisa. Kinachochoka ni ngozi, na ngozi zinabadilishwa. Ila lazima ujue kukagua. Kuna mambo ambayo siyarekebishi hata ukinilipa.

MAMA: Nifundishe hayo.

FUNDI: Nenda na tochi na futi ya kupimia. Mwombe muuzaji afungue ngozi ya kila ngoma, akikataa, ondoka. Kwanza, futi. Pima mdomo wa mzinga kutoka upande hadi upande, halafu geuza upime tena, mara tatu nne. Vipimo vikipishana sana, mzinga umepinda, hauwi duara tena, na ngozi haitakaa sawa hata ukikaza vipi. Pili, tochi. Laza mzinga kifudifudi juu ya meza ya kioo au marumaru iliyonyooka, washa tochi ndani, zima taa. Mwanga ukipenya chini mahali pamoja, mdomo una bonde. Ngozi inakaa juu ya ule mdomo tu, kwa hiyo penye bonde sauti inakufa.

MZEE: Wakati wetu hatukuwa na tochi, tulipitisha kidole.

FUNDI: Kidole pia kinajua, mzee. Tatu, kutu. Hapa Pwani hewa ina chumvi, na chumvi inakula nyuzi za boliti. Kutu ya nje kwenye chuma kinachong'aa haina neno, unaifuta. Ila jaribu kila boliti kwa ufunguo wake: zote ziingie kwa ulaini na kukaza. Moja ikizunguka bila kukaza, uliza bei ya kishikio chake kabla ya kuendelea. Nne, snea. Vuta kile kiwiko cha pembeni, nyaya za chini ziguse ngozi na ziachie. Zile nyaya ndizo zinazofanya snea iwe snea. Zikiwa zimepinda, itakohoa. Nyaya mpya si ghali. Kiwiko kilichovunjika kinaweza kukusumbua miezi. Tano, mbao. Mchubuko wa rangi uache, ila ufa unaotoka kwenye tundu la boliti unaongezeka kila siku. Hiyo usinunue.

Nimeyaacha maneno ya Fundi yawe marefu kwa makusudi. Anachokieleza hakichukui nusu saa, nacho kinampa mnunuzi asiyejua kitu nguvu mbele ya muuzaji anayejua kila kitu. Na kina faida nyingine. Binti akishika ufunguo, akafungua ngozi na kuirudisha, ameshaanza somo la kukaza na kutafuta sauti ya ngoma, ambalo wapigaji wengi hulikimbia mpaka uzeeni. Mtu asiyejua kuikaza ngoma yake atalaumu ngoma maisha yake yote.

Kwa ngozi, zama zetu zimebahatika. Hadi miaka ya 1950 seti za drams zilivaa ngozi za wanyama, ambazo unyevu ulizilegeza na ukavu ukazikaza. Wazee waliopasha ngoma motoni kabla ya kucheza wanalijua hilo vizuri kuliko yeyote. Mwaka 1957 Remo Belli alianzisha kampuni yake Marekani kuuza ngozi za plastiki, na tangu hapo ngoma inaweza kukaa Tanga masika yote bila kulegea. Ngozi mpya kwenye mzinga wa mbao za kawaida hubadilisha ngoma kuliko mtu anavyodhani.

MWALIMU: Toazi, kwa upande mwingine, halikaziki. Ulivyolinunua ndivyo litakavyolia. Na hapo ndipo seti nyingi za bei ya chini zinapomwumiza mwanafunzi. Matoazi yanayokuja nazo mara nyingi ni ya shaba na zinki. Yanalia kama sufuria na mlio unakatika hapo hapo. Matoazi mazuri ni ya shaba na bati. Mchanganyiko wa zamani, ule wa familia ya Zildjian iliyoanza kazi hiyo Konstantinopoli mwaka 1623, ni takriban asilimia 80 shaba na 20 bati. Upo wa daraja la kati wenye asilimia 8 tu ya bati, na huo unatosha kwa anayeanza.

KIJANA: Hapo tuko pamoja kabisa. Haihati mbaya inachosha masikio ya kanisa zima.

FUNDI: Na toazi lililotumika likaguliwe kama yai. Pitisha ukucha ukingoni pote na kuzunguka tundu la katikati. Ufa mdogo kama unywele leo, baada ya miezi ni pengo.

MWALIMU: Kwa hiyo mama, ukipungukiwa, punguza tomu, usipunguze haihati. Mkono wa kulia wa binti utakuwa juu ya haihati karibu muda wote. Toazi kubwa moja la inchi 20 au 18 litakuja baadaye.

MAMA: Yote haya mnasema kana kwamba ninaishi shambani. Jirani yangu ana mtoto mchanga.

KIJANA: Ndiyo maana nilikuwa nasubiri. Mama, nunua drams za umeme. Tangu Roland watoe seti yao yenye ngozi za wavu mwaka 1997, hizi si za kuchezea tena. Binti anavaa hedifoni, anapiga usiku, jirani analala. Ndani mna metronomu, anaweza kujirekodi, anaweza kupiga juu ya wimbo wowote. Mimi mwenyewe mazoezi yangu yote nafanyia huko.

MZEE: Umeme ukikatika?

KIJANA: Mzee, umeme ukikatika anapumzika. Hata gitaa la solo linahitaji umeme.

MZEE: Sikatai. Nasema niliyoyaona. Kijana aliyejifunzia kwenye mpira na wavu akija kwangu, anapiga snea kwa nguvu moja tu. Pigo la kunong'ona hana. Ile ngoma ya umeme ilikuwa inamsawazishia. Rumba imejaa mapigo madogo ya snea yasiyosikika vizuri lakini yakikosekana watu wanakaa chini. Hayo mkono unajifunza kwenye ngozi yenyewe.

MWALIMU: Ngozi za wavu za kisasa zinapokea nguvu tofauti, mzee, hasa zile za bei ya juu. Za bei ya chini ndizo zenye tatizo hilo, na bajeti ya mama itamfikisha kwenye hizo za chini. Na ghorofani ukimya ule si kamili: pedali inapogonga, sakafu inatetemeka, na aliye chini anasikia kishindo. Kwa Tabata, nyumba ya chini, hilo si kubwa.

FUNDI: Mimi naongeza moja. Kisanduku cha umeme kikifa, mara nyingi sina la kufanya. Mzinga wa mbao nitautengeneza hadi wajukuu.

Kijana ana hoja nzito, na ningeishi ghorofani ningemsikiliza. Lakini kwa nyumba hii na fedha hii namkatalia, na sababu yangu ndiyo aliyoitaja Mzee. Anayeanza anahitaji chombo kinachomrudishia kila kosa na kila wepesi wa mkono wake bila kumfichia. Ipo pia njia ambayo wengi hawaijui: ngozi za wavu zinaweza kuvishwa kwenye mizinga ya kawaida. Unachukua seti ndogo iliyotumika, unaivisha wavu kwa miaka ya nyumba ya kupanga, unaweka mpira mzito chini ya kiki, na matoazi unayafunika kwa kitambaa au unatumia yale yaliyotobolewa matundu ili yalie kidogo. Kelele hupungua sana. Siku familia ikihamia kwenye nafasi, wavu unavuliwa na ngozi za kawaida zinarudi. Ngozi hizo pengine zitabidi kuagizwa, kwa hiyo zihesabiwe mapema.

MWALIMU: Na masikio ya mtoto mwenyewe? Tunazungumzia jirani tu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15. Drams ndani ya chumba kidogo zinapita 100 bila taabu. Vikinga masikio kama vya wachomeleaji na wakata vyuma vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Asipige siku hata moja bila hivyo.

MZEE: Mimi sikio la kushoto, upande wa haihati, limekwisha. Mwalimu anasema kweli.

MAMA: Nikisikia yote haya najiuliza kama ni lazima kununua sasa. Si kuna kibao cha mpira cha kufanyia mazoezi?

MWALIMU: Kipo, nami ningependa aanze nacho. Kibao, fimbo za namba 5A, na metronomu ya bure kwenye simu. Yapo mapigo ya msingi 40 ambayo chama cha wapiga ala za kugonga, Percussive Arts Society, kiliyaorodhesha mwaka 1984. Miezi mitatu ya kibao kila siku, mikono inakuwa sawa. Huku akipiga seti ya kanisani mara moja kwa wiki.

MAMA: Sisi ni Waislamu, Mwalimu.

MWALIMU: Samahani, mama. Basi bendi ya shule, au kituo chochote cha sanaa chenye seti. Ingekuwa Unguja ningekwambia Dhow Countries Music Academy. Chuo cha sanaa, TaSUBa, kiko Bagamoyo, ila si safari ya kila wiki kwa mwanafunzi.

MZEE: Kibao ni kizuri, lakini hakina miguu. Ugumu wa drams ni viungo vinne kila kimoja na njia yake. Na hilo la kupiga seti ya wengine, ngoja niwaambie. Sisi tulijifunza hivyo. Vyombo vilikuwa vya mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikawa ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Mpigaji aliajiriwa, na ngoma hazikuwa zake. Ulijifunza watu wakienda kula. Mkubwa akirudi, unainuka. Tuliojaliwa tukapanda, lakini nina wenzangu waliopiga miaka na miaka, na bendi ilipovunjika walirudi nyumbani na fimbo mbili. Hawakupiga tena, kwa kuwa hapakuwa na cha kupiga. Mama, mnunulie mtoto. Ndogo, ya zamani, yoyote ile, lakini iwe yake.

Maneno hayo ya Mzee yana uzito kwangu kuliko hesabu zote. Kwa mtoto wa kike yanazidi uzito, maana kwenye seti ya watu wengi yeye ndiye atakayeambiwa ainuke kwanza. Wapo watakaomwuliza mama huyu kwa nini binti apige ngoma, katika nchi ambayo Bi Kidude alipiga ngoma za unyago hadi uzeeni mno na dunia nzima ikamjua. Wasimrudishe nyuma.

MAMA: Basi nipangieni hizi fedha.

FUNDI: Karibu nusu kwa ngoma nne zilizotumika pamoja na stendi zake, kiki isizidi inchi 20.

MWALIMU: Theluthi nyingine kwa haihati nzuri na pedali. Hapo usisogee hata kidogo.

KIJANA: Inayobaki, stuli, ngozi, vikinga masikio na fimbo jozi tatu. Atazivunja. Na kibao cha mpira kwa usiku.

FUNDI: Usimalize zote siku moja. Bakiza kidogo kwa ajili ya yale tutakayoyaona tukishafungua.

MAMA: Na jirani?

MWALIMU: Nenda kwake kabla seti haijaingia ndani. Mweleze, kisha yeye ndiye achague saa. Akisema saa kumi na moja hadi kumi na mbili jioni, iwe hiyo, na binti aiheshimu bila kukumbushwa. Saa moja kila siku inamtosha kabisa anayeanza.

MAMA: Kesho nitaongea naye. Fundi, unajua seti kama hiyo iko wapi?

FUNDI: Temeke, kwa mtu aliyefunga bendi ya harusi. Lakini sitaki uje peke yako. Njoo na binti, achukue futi na tochi, apime mwenyewe. Mimi nitasimama pembeni.

MZEE: Mkienda mnipitie na mimi.